Simu Zilizofichwa Mbuchi

Ilikuwa mwaka 2022, mwishoni mwa masika. Katika kitongoji kimoja cha Mbuchi zilienea habari kwamba kampuni ya minara ya simu ingemtuma mtu kuangalia kama palifaa kuwekezwa.

Hakuna aliyeipokea habari hiyo kwa furaha kama Mwanaamina, mjane aliyebakiwa na mwana mmoja tu, Saadi. Kijana huyo alikuwa wakala wa kutuma na kupokea fedha mjini Kibiti, kazi isiyowezekana nyumbani kwao, ambako aliyetaka kupiga simu alilazimika kupanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya msikiti. Kila alipokuja, Saadi alimwahidi mama yake jambo lile lile: mnara ukisimama, atarudi, atafungua kibanda chake, atanunua kaa wa wavuvi kwa bei ya Kibiti, na ataishi katika nyumba ya marehemu baba yake.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa Mshamu, mdogo wa marehemu. Kabla mgeni hajafika, alipita nyumba kwa nyumba.

"Shemeji, hiyo simu yako ifiche," alimwambia Mwanaamina.

"Niifiche, kwani nimeiiba?"

"Ungekuwa na akili ya kuiba, ungekuwa tajiri. Umesahau mitumbwi? Maofisa walikuja kuihesabu, nasi tukawaonyesha mpaka ile iliyooza. Mwaka uliofuata, ushuru. Sasa wanahesabu simu."

"Lakini wanaleta mnara."

"Mnara utakuja tu. Kampuni yenye fedha zake ina haja gani na kisimu chako? Sema huna."

Mwanaamina alicheka, akaizika simu ndani ya pipa la mpunga.

Mgeni alikuwa Purvi, binti wa ukoo wa wenye maduka wa Mohoro, aliyeajiriwa na kampuni hiyo kuchunguza mahali pa kujenga. Mshamu alimwongoza hadi kwa Mwanaamina.

"Shikamoo, mama. Nyumba hii ina simu ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Simu tutaitoa wapi sisi watu wa mpunga?"

Purvi aliinamisha kichwa, kisha akasema taratibu, "Mama, mwenye kutoa fedha huuliza kwanza ni wangapi watakaopiga simu. Kiwanja tutakikodi hapa, na walinzi tutawaajiri hapa. Ila pasipo na wapigaji, sina la kuwaambia wakubwa wangu. Kweli huna?"

Mwanaamina alimtazama Mshamu. Mshamu alikohoa.

"Sina," Mwanaamina alijibu.

Majibu yalifika kabla ya kipupwe kwisha. Mnara ungejengwa upande wa Chumbi, ambako watu hawakuficha kitu. Wiki hiyo hiyo Saadi alikuja, akamkuta mama yake akipepeta mchele.

"Wamesema kitongoji chetu hakina simu, mama."

"Ndivyo walivyosema."

"Yako nilikununulia mwenyewe."

Ungo ulitulia mikononi mwa Mwanaamina. "Baba yako mdogo alisema kwamba..."

"Baba mdogo hakuulizwa. Uliulizwa wewe."

Hakusema kwa ukali, na mama yake alitamani angesema kwa ukali. Alimweleza kwamba kulikuwa na kiwanja Kibiti ambacho alikuwa akikikataa kwa kuungoja mnara. Sasa angekichukua na kujenga. Alimwomba wahamie pamoja. Mwanaamina alijibu kwamba mpunga wake hauhamishiki, na alipobaki peke yake alifukua simu kutoka katika pipa, akaifuta vumbi, akaiweka mezani, isimfae kitu.

Mshamu alikuja na utani wake. "Shemeji, nasikia umekuwa mama wa mjini."

"Karibu kiti."

Alingoja atukanwe kama desturi ya mashemeji ilivyo. Hakutukanwa. Aliletewa maji, akanywa.

"Nilidhani nawalinda," alisema hatimaye.

"Ulidhani."

Mwaka uliofuata, mpunga ulipoanza kukomaa, ndege waliingia mashambani. Miaka yote Saadi alikuwa akiomba ruhusa kazini ili aje kukaa katika dungu, kibanda kile cha juu ya nguzo, awafukuze kutwa nzima. Mwaka ule alikuwa akiezeka nyumba yake. Mwanaamina alipanda ngazi mwenyewe, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Asubuhi ya pili alimwona Mshamu akija na kombeo begani.

"Shemeji, teremka."

"Una shamba lako."

"Langu analilinda mke wangu. Mlinzi wa hili nilimfukuza mimi."

Mwanaamina aliteremka polepole, akishikilia ngazi kwa mikono yote miwili, naye Mshamu akapanda. Alikaa huko juu kila siku, tangu alfajiri hadi magharibi, katika jua na manyunyu. Mpunga ulipovunwa, aliubeba mwenyewe hadi mlangoni kwa Mwanaamina, akautua, akaondoka bila kuchukua hata pishi moja.