Ndege Aliyemjua Merv

"Inama! Anakuja!" Noreen alipiga kelele kutoka barazani, lakini mumewe alikuwa amechelewa. Ndege aina ya magipai alishuka kutoka juu ya mkalitusi kama jiwe la kombeo, mabaka yake meupe yakimetameta, akamdona Merv sikioni, kisha akarudi mtini akiimba kana kwamba hakuna lililotokea.

Tegan, jirani yao, alifika mbio na taulo. Damu ilikuwa kidogo. Hasira ndiyo iliyokuwa nyingi.

"Leo ndiyo mwisho wake," Merv alimwambia afisa wa halmashauri, aliyekuwa akishusha mtego wa waya kwenye gari. "Umejionea mwenyewe, bwana. Ndege huyu ana kichaa, anapiga kila mtu. Mchukue."

Tegan alitazama juu. Kiotani makinda walikuwa wakililia chakula. Baba yao akichukuliwa, mama peke yake angewalisha vipi?

"Si kila mtu, mzee. Mbona mimi napita hapa kila siku?"

"Wewe una bahati yako."

"Basi tujaribu! Afisa, akimgusa mtu mwingine yeyote, mchukue. Sitasema neno."

Afisa aliegemea gari. "Haya, nionyesheni."

Tegan alipita chini ya mti polepole, kichwa wazi. Ndege akamtazama tu. Noreen akavaa kofia ya mumewe, akapanda baiskeli ya mumewe, akapita akiyumba. Kimya.

"Amechoka huyo," Merv alinung'unika.

"Basi pita wewe!"

"Tena? Mnataka nife?"

"Vaa gauni langu," Noreen alisema, akijizuia kucheka. "Kama kweli ni kichaa, atakujuaje?"

Merv hakuwa mtu wa kukubali kushindwa. Alitoka na gauni la maua na kofia pana ya mkewe, akijitahidi kutembea kwa madaha. Hakufika hata kwenye kivuli cha mti. Puu! Kofia ikaruka upande wake, Merv upande wake. Majirani waliokuwa wamejaa uani wakaangua kicheko.

"Anamjua!" Tegan alirukaruka. "Jamani, anamjua kwa uso! Mzee, ulimfanya nini?"

Noreen aliacha kucheka. "Merv. Wale nyigu."

Noreen akiumwa na nyigu huvimba koo. Kwa hiyo siku chache kabla, Merv alipoona wamejenga kwenye tawi la chini la mti ule, alipanda ngazi na ufagio, akalipiga lile tawi mpaka mti mzima ukatikisika.

"Alidhani nimewafuata watoto wake," Merv alisema taratibu.

"Mtu akimjia Noreen na ufagio hivyo, utamfanyaje?" Tegan aliuliza.

"Nitamng'oa macho."

Alipolisikia jibu lake mwenyewe, akainua macho mtini.

"Yaani ananijua hata nikiwa na gauni? Mtaa huu kuna watu mpaka leo wananiita Mark!"

"Sasa nimchukue, nisimchukue?" afisa aliuliza.

"Umchukue nani? Rudisha mtego wako garini, bwana!"

Tegan alimkumbatia Merv kwa nguvu. "Na wewe mzee utapita wapi?"

"Uchochoro wa nyuma, mpaka watoto wake waruke." Akakunja gauni mpaka magotini na kutimua mbio, magipai nyuma yake, mtaa mzima ukishangilia: "Kimbia, mzee! Kimbia!"