Kumtafuta Ningu

Daktari Okwera alikuwa ametumia maisha yake kuwatambua samaki wa ziwa kwa macho, na sasa presha ya macho ilikuwa inamnyang'anya macho yenyewe. Hadubini hakuiweza tena. Hapo ndipo maabara ikamleta Rumaisa, binti wa mtaa wa Kisenyi, mwenye ufundi mpya uliohitaji maji tu. Kila samaki huacha utelezi na vipande vya ngozi anapopita. Ukiyachuja maji, vinasaba vyake hubaki kwenye chujio, na mashine hukuambia nani alikuwepo.

"Basi nitafutie ningu," mzee alimwambia. Kwa miaka mingi nyavu zake hazikumleta samaki huyo, na alitaka kujua kama bado yupo kabla giza halijamfunika kabisa.

Asubuhi moja mashine ilionyesha ningu katika maji ya ghuba. Rumaisa alipiga simu papo hapo. Mzee akampa mkewe Adyero simu asikie mwenyewe, naye akapiga vigelegele.

Simu ilipokatika, Rumaisa akaendelea kusoma majibu. Chupa ya maji safi ya kuhakiki usafi wa kazi, ambayo haikuwahi kufika ziwani, nayo ilionyesha ningu. Juzi tu, juu ya meza ileile, alikuwa amekata pezi la ningu wa zamani aliyehifadhiwa, ili mashine ipate kumjua. Vinasaba alivyoviona vilitoka mezani.

Alipanda kilima cha Mbuya, nyumbani kwa mzee, mchana ule. Adyero alikuwa amekwisha pika chakula cha kusherehekea.

"Mzee, nilikosea. Yule ningu ni uchafu wa meza yangu."

"Watoto wamekwisha pigiwa simu," Okwera alisema taratibu. Kisha akauliza, "Ungeninyamazia, ningejuaje?"

"Usingejua."

"Haya. Kaa ule, mwanangu. Chakula kinapoa."

Rumaisa alikula huku machozi yakimlengalenga.

Walianza upya. Pezi likahamishiwa chumba kingine, meza zikasuguliwa kwa dawa. Safari hii mzee alitaka kwenda mwenyewe. Alikaa katikati ya boti, chupa mapajani, akawataka wafike hadi mdomo wa mto, maana mvua zilikuwa zimeanza na ningu hupanda mto wakati huo.

Maji safi yalitoka safi. Ghuba haikuwa na kitu. Mdomo wa mto ulikuwa na ningu.

Rumaisa aliyasoma majibu yote, akayarudia, ndipo akapiga simu. "Nyavu," mzee alisema. "Twendeni na nyavu."

Walimpata mmoja, si mkubwa. Rumaisa alimweka kwenye beseni la maji, akaishika mikono ya Okwera na kuiongoza. Vidole vikapita ubavuni, vikapanda hadi kichwani, vikatulia kwenye midomo minene.

"Ndiye," alisema. "Ndiye huyu."

"Tumwachie, Mzee?"

"Ngoja kwanza," alijibu Okwera, mikono ikiwa bado majini. "Ngoja kidogo."