Aliyesimama Upenuni

Mama yetu, Eliaichi, alikuwa na tabia moja iliyonikera: kusimama nje, chini ya dirisha la sebule yangu hapa Kibamba, kusikiliza tunavyomsema. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, basi nikamtafutia neno lake: eavesdrop. Nilimweleza kwamba zamani sana Waingereza waliita hivyo kipande cha ardhi kando ya ukuta, pale maji ya paa yanapodondokea. Baadaye aliyejibanza pale kusikiliza ya ndani akapewa jina kutokana na mahali penyewe.

"Kumbe Wazungu nao wana upenu," alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Jumatano alifariki. Jana jioni ndugu walikaa sebuleni kwangu kuamua azikwe wapi. Mvua ilikuwa inanyesha.

"Tumzike hapahapa Kibamba," alisema kaka Wilbert. "Siku hizi nani anahangaikaga na safari ya Machame? Sie wote tuko huku."

Mama alitaka kulala kihambani, shamba letu la ukoo kule Machame, kwenye migomba, ubavuni mwa kaburi la baba. Kila mtu mle ndani alilijua hilo, na kila mtu akainamia miguu yake. Nilikasirika hata nikatoka nje kana kwamba naenda kukinga maji, nisije nikamtukana mkubwa wangu mbele za watu.

Matone yalidondoka kutoka kwenye bati ukuta mzima, yakichimba vishimo mchangani. Chini ya dirisha hayakufika. Mchanga pale ulikuwa mkavu, upana wa nyayo mbili, na maji yalikatikia hewani, kwenye kimo cha mabega ya mama. Niliogopa. Lakini ningemkimbiaje mama?

Nikarudi ndani, nikafungua dirisha lote.

"Kaka, rudia ulichosema. Kwa sauti."

"We mwalimu vipi? Mvua inaingia."

"Rudia. Anasikiliza."

Wilbert alitazama dirishani. Alimjua mama vizuri kama nilivyomjua mimi.

"Tutampeleka nyumbani," alisema hatimaye, chinichini.

"Hajasikia."

"Mama, tutakupeleka nyumbani!" alipaza sauti.

Nje, chini ya dirisha, matone yakaanza kupiga mchanga. Ndipo nikalia. Tangu Jumatano sikuwa nimelia.