Ubao wa Mwalimu Mkuu

"Sitaki kasia, Bi Odalie. Nataka kibao." Bwana Haskell, mwalimu mkuu, aliegemeza ubao mrefu mweupe kwenye meza ya karakana ya makasia. "Cha kuchapia: kipana, mpini mfupi, chenye matundu. Cha zamani kimevunjika."

Odalie hakuuliza kilivunjikia wapi. Kilivunjikia mwilini mwa mjukuu wake, Elmire, aliyeomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kifaransa, lugha ya kwao, wakati sheria ya shule ni Kiingereza tu. Tangu siku hiyo mtoto alifunga mdomo. Hata paka alimfukuza kwa mkono, bila neno.

"Utamchapa nacho tena?"

"Yeyote atakayesema Kifaransa. Mtakuja kunishukuru. Na kikinipendeza, kazi ya madawati ya shule ni yako msimu huu wote wa baridi."

Odalie aliupokea ubao. Habari ilienea kinamasi kizima kabla jua halijazama, na Alcide, fundi mitumbwi wa ng'ambo ya mto, akaja kwa makusudi.

"Kumbe mkono wako unauzwa, dada?"

"Nenda kazibe mitumbwi yako inayovuja, uniache!"

Mumewe alipokufa, wanaume wa hapo Louisiana walicheka kumwona mwanamke ameshika randa. Siku hizi waliokuwa wakicheka walipiga makasia yake, makasia yanayoingia majini bila kumshtua bata. Sasa aliuranda ubao wa Haskell. Ulikuwa ubao mzuri, na hilo lilimuudhi zaidi.

Jumamosi ilikuwa sikukuu ya kanisa. Uani, chungu cha chuma kilijaa wali, soseji na kamba, na Odalie alikoroga kwa mwiko mpya, mweupe, mrefu kama yeye mwenyewe. Bwana Haskell alifika kuchukua chake. Aliutazama mwiko, akautazama tena.

"Kibao changu kiko wapi?"

"Kinakoroga," Odalie alijibu kwa Kifaransa.

"Sema Kiingereza!"

Odalie akapandisha mabega. Yeye, aliyebishana bei kwa Kiingereza na wawindaji wa mjini miaka nenda rudi, leo hakujua hata neno moja.

Haskell akamgeukia Alcide. "Wewe una vifaa. Nitengenezee kingine, na madawati utapewa wewe."

Alcide alikuwa na watoto saba na paa bovu. Alimtazama Odalie, akautazama mwiko. Alcide huyu ndiye aliyejua kutukana kwa Kiingereza kuliko askari wa wilaya.

"Anasema nini huyu bwana?" alimuuliza mkewe kwa Kifaransa.

"Nijulie wapi mie?"

Haskell aliuliza meza hii, akauliza ile. Kiingereza kilikuwa kimekauka uani kote. Hata padri aliinama kushughulika na kamba ya kiatu chake. Uso wa mwalimu ukawa mwekundu kama kamba wa chunguni. Ndipo akamwona Elmire kando ya chungu, ameshika sahani.

"Wewe! Waambie ninachosema!"

Mtu akaguna, mwingine akabana kicheko. Mwalimu mkuu alikuwa ameamuru Kifaransa kwa kinywa chake mwenyewe. Odalie peke yake hakucheka. Aliacha kukoroga, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliogopa kwelikweli.

"Kama hutaki, mwanangu, usiseme."

Elmire aliitazama mikono ya Haskell, mmoja baada ya mwingine. Yote mitupu. Sauti ilitoka ikikwaruza, kisha ikanyooka, kwa Kifaransa cha bibi yake:

"Mwalimu mkuu anasema ana njaa. Anaomba apakuliwe."

Uwanja mzima uliangua kicheko. "Si angesema mapema!" Alcide alipaza sauti, akipiga meza. Odalie alilia waziwazi, wala hakusingizia moshi. Alipakua sahani hadi ikafurika, akaitia mikononi mwa Haskell.

"Umewaambia nini?" Haskell aliuliza. "Wewe mtoto, umewaambia nini?"

Lakini Elmire alikwisha kwenda na sahani nyingine, akiita watu kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti kubwa. Bwana Haskell alibaki amesimama na wali wa moto mikononi, akiyatazama mabenchi. Hakuna aliyesogea kumpisha akae.