Faili la Ishirini na Saba

Daktari wa masikio hakuzungusha maneno. Alimwambia mzee kwamba sikio la kushoto lilishakwenda, la kulia litalifuata kabla ya miezi miwili kwisha, na dawa ya kulirudisha hakuna. Mzee alikuwa seremala. Kwa miaka arobaini alikuwa amesimama kando ya msumeno wa mashine bila kuziba masikio, akidai kwamba fundi aliyeziba masikio hasikii mbao zikilalamika. Siku hiyo alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti alichokichonga mwenyewe, akamwita binti yake wa mwisho, ambaye yeye na mtaa mzima walimwita Kitindamimba ingawa alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne.

"Nataka kuisikia kazi ya dada yako," alisema. "Yote. Kabla sijawa gogo."

Kitindamimba alidhani ni yeye ndiye mwenye masikio mabovu. Dada yake mkubwa alikuwa ameondoka miaka miwili nyuma, figo zilipomshinda, na kazi aliyoiacha ilikuwa moja tu: muziki wa gemu ya kompyuta. Alipoileta diski ya gemu hiyo nyumbani, aking'aa kama mtoto aliyefaulu mtihani, baba alimwuliza, "Nimekusomesha miaka yote ile ili ukapige muziki wa vitu vya kuchezea?" Kisha akaitumbukiza kwenye droo ya patasi. Haikutoka humo mpaka mwenyewe alipozikwa. Mzee hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkaidi, na ukaidi ulikuwa umemwacha na diski ambayo hakuna tena wa kumwomba radhi kwa ajili yake.

Kuusikia huo muziki haikuwa kazi ya kubonyeza kitufe. Kompyuta ya dada ilikufa na kila kilichokuwemo. Kampuni iliyotengeneza gemu ilivunjika, watu wakatawanyika. Muziki wenyewe ulikuwa umefungiwa ndani ya gemu, na ili uusikie ilikubidi ucheze, umwongoze msichana mwenye taa avuke mji usio na watu. Kitindamimba hakuwa mchezaji. Msichana wake alitumbukia kwenye mtaro uleule wa hatua ya tatu mara ishirini na kitu, mpaka ikawa aibu.

Basi akakata shauri kuuchomoa. Kazi yake ilikuwa kuhariri video za harusi katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la dawa, na mafaili aliyajua kama baba yake alivyozijua mbao. Alitafuta programu ya kufumua gemu za zamani, akaielekeza kwenye diski, na muziki ukatoka: mafaili arobaini na moja, yenye namba bila majina, katika muundo ambao hakuna simu wala redio ingeufungua. Ilibaki kuyageuza. Muziki wa gemu hauna mwisho, huzunguka mpaka mchezaji aondoke mahali pale, kwa hiyo programu ilimwuliza kila wimbo uzunguke mara ngapi. Akaandika mara mbili, kisha ufifie.

Halafu ikamwuliza njia za sauti. Hapo hakufikiri hata kidogo. Alichagua kama alivyochagua kwa kila harusi: njia mbili, kushoto na kulia, nyingine zote tupa. Kwenye video za harusi njia ya tatu na ya nne hutoka kwenye vipaza sauti vya akiba, na ukizisikiliza utawasikia wajomba wakigombania viti. Alikuwa amezitupa kwa miaka kumi na mmoja na hakuna bibi harusi aliyewahi kurudi kulalamika.

Mzee alisikiliza kwa hedifoni, wimbo mmoja kila siku baada ya chakula cha mchana, kama mgonjwa anayefuata dozi. Hakukubali mbili. Alifumba macho, kidole kikigonga mkono wa kiti, na wimbo ukiisha alitoa hukumu yake ya kiseremala. Huu umeunganishwa vizuri. Huu umepigwa msasa kupita kiasi. Wa tisa ulimtoa machozi, naye akasingizia vumbi, katika nyumba ambayo haikuwa imeona vumbi la mbao tangu aache kazi.

Siku ya ishirini na saba alivua hedifoni, akaigeuzageuza mkononi.

"Huu haujakwisha," alisema. "Umekaa kama kabati lisilo na milango. Dada yako hakuwa mtu wa kuacha kabati bila milango."

"Ndivyo ulivyo, baba," alisema Kitindamimba, jicho lake kwenye saa, maana mteja alikuwa akimngoja. "Ndio huo wote."

Mzee akatikisa kichwa. Tangu hapo kila baada ya siku chache alikuwa akiuomba tena ule wa ishirini na saba, juu ya dozi yake, na kila mara alimwambia Kitindamimba aongeze sauti kidogo. Walipofika wa arobaini na moja, hedifoni ilikuwa ikisikika mpaka barabarani.

Wiki moja baadaye kompyuta ya kazini ilijaa. Kitindamimba akaanza kufuta vitu, akafikia mafaili ya gemu yale ya asili, ambayo hakuwa na haja nayo tena. Aliyapanga kwa ukubwa. La ishirini na saba lilikuwa na uzito mara mbili ya wenzake wa dakika zilezile.

Kidole kikaganda juu ya kitufe. Alilifungua bila kuligeuza, akahesabu njia. Zilikuwa nne. Mbili za kwanza zilikuwa ule wimbo alioujua. Akazizima, akawasha ya tatu na ya nne.

Dada yake akavuta pumzi, akaanza kuimba.

Hakukuwa na maneno. Ulikuwa ule wimbo wa randa. Mama yao alifariki wakiwa wadogo, na baba aliwalea karakanani. Waliposinzia aliwalaza kwenye maranda, akaendelea kuranda mbao huku akiguna wimbo aliouzua mwenyewe: unapanda randa ikisukumwa, unakatika kidogo randa ikiinuliwa, unaanza upya. Dada aliuweka hata ule mkatiko. Kitindamimba alielewa bila kuelezwa kwamba katika gemu sauti hii huingia msichana mwenye taa akiingia ndani ya nyumba na kufunga mlango, na kwamba hakuna mtu wa kwao aliyewahi kumfikisha huko. Na alielewa alichokifanya. Milango ya kabati alikuwa ameitupa kwa mkono wake, na mwenye kabati alipoiulizia, yeye alimwambia haipo.

Alibeba kompyuta ndogo, akafunga ofisi saa tano asubuhi, akaenda nyumbani nusu anakimbia.

Baba alikuwa kwenye kiti chake. Alimvika hedifoni, akafungua njia zote nne, akaweka sauti juu kabisa. Mzee alifumba macho. Kichwa kikaanza kwenda taratibu.

"Mzuri," alisema kwa sauti kubwa mno. "Mzuri sana, Kitinda."

Kitindamimba alipotaka kuisogeza kompyuta, kidole kiligusa pasipotakiwa, na wimbo ukakatika. Mzee aliendelea kutikisa kichwa. Alikitikisa kwa utulivu uleule, akitabasamu kwa ajili yake, ndani ya ukimya mtupu.

Kitindamimba alilia mbele yake bila kujificha. Mzee alifumbua macho, akamwona, akavua hedifoni polepole.

"Sisikii kitu tangu juzi," alisema. "Nilitaka usijisikie vibaya. Umehangaika mno."

Tangu sikio la kulia lilipoanza kufifia, walikuwa wamezoea kuandikiana maneno marefu kwenye vipande vya mbao laini kwa penseli nene ya seremala. Kitindamimba alichukua kimoja, akaandika: NILIKOSEA. ULIKUWA NA MILANGO. ANAIMBA WIMBO WAKO WA RANDA. NILIITUPA SAUTI YAKE. NISAMEHE.

Mzee alisoma, akakileta kibao karibu, akasoma tena. Kitindamimba alingoja hasira na angeipokea. Badala yake mzee aliweka kibao mapajani, akalaza viganja viwili juu ya meza, kimoja mbele ya kingine, akaanza kusukuma. Kisha akaimba. Hakuisikia sauti yake, kwa hiyo ilitoka kubwa na iliyopinda, lakini ilipanda pale pale na ikakatika pale pale.

Kitindamimba alichomoa hedifoni ili sauti itoke kwenye spika. Aliurudisha wimbo mwanzo na kuiambia programu uzunguke bila kufifia. Alingoja baba amalize msukumo na kuinua mikono, na alipovuta pumzi ya kuanza tena, akabonyeza.

Wakaenda pamoja, baba na binti yake mkubwa, na mtu pekee aliyewasikia alikuwa Kitindamimba. Mara mbili baba alichelewa kidogo, akamkuta mwenzake kwenye mkatiko. Waliimba hivyo mpaka kifua cha mzee kikaishiwa. Mikono ikasimama mezani.

"Bado anaimba?" aliuliza.

Kitindamimba akachukua penseli, akaandika: BADO.

Mzee akapumzika kidogo, akainua mikono tena.