Bara Lililokatwa na Mkasi

Kila siku saa kumi jioni, fundi cherehani alitandika mabaki ya vitambaa sakafuni na kuwasimulia binti zake wawili dunia. Cha buluu kilikuwa bahari, cha kaki jangwa. Walipofika jangwani, mchanga ulimwagika kwenye droo ya cherehani, akaufagia. Wiki ya Amazoni mto ulipita chini ya kitanda siku tatu, ukaondoka na viatu vya mdogo.

Jumatatu alitandika bitana nyeupe, wakafika Antaktika. Theluji ilianguka kutoka darini hadi ikawafika vifundoni. Pengwini alitoka nyuma ya kabati, akasimama karibu na cherehani kama mteja anayesubiri suruali yake.

"Ana njaa," alisema binti mkubwa, aliyeitwa Kidomo kwa kutokubali kunyamaza. Walimfungulia samaki wa kopo.

Ijumaa Kidomo alifanya mtihani wa kuingia darasa la sita. Kwenye swali la idadi ya mabara aliandika saba. Akawekewa mkasi mwekundu wa kosa, na kwa alama hiyo moja akaambiwa arudie darasa la tano.

Kosa lilikuwa na historia yake. Shule ilipopata ramani ya dunia, seremala alileta fremu fupi. Mtu mwenye akili angerudisha fremu. Mwalimu mkuu alichukua mkasi akaipunguza dunia, na kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akapunguza na majibu.

Fundi alikwenda ofisini na ndoo ya barafu. Pengwini alimfuata.

"Mwalimu, mabara ni saba."

"Hapa shuleni ni sita, mama. Hesabu mwenyewe ukutani."

Akahesabu. Sita, na chini yake ubao wa fremu.

"La saba hili hapa," alisema, akaweka ndoo mezani.

Mwalimu mkuu aligusa barafu, akampapasa pengwini kichwani. "Limetoka huko kabisa?"

"Limeangukia sebuleni kwangu."

"Hilo sibishi." Akachomeka chupa yake ya soda ndani ya ndoo. "Lakini majibu nimeshayasaini. Watoto mia na ishirini wameandika sita. Unataka nionekane sijui?"

"Si hujui?"

Mwalimu mkuu alicheka mpaka kiti kikatoa mlio. Fundi alilitazama lile tumbo likitikisika. Mtu huyu alijua, na kujua hakukumsumbua hata chembe.

Siku ya kikao cha wazazi, shule ilimwomba fundi barafu zaidi. Alitaka kukataa, lakini mtoto wake alikuwa bado mikononi mwao, akajaza ndoo mbili. Soda zilinywewa baridi. Mwalimu mkuu alishukuru wazazi wanaoipenda elimu, wakajipigia makofi.

Akirudi na ndoo tupu, fundi alipita dirisha la darasa la tano. Kidomo alikaa chini ya ramani, pengwini miguuni pake. Jina la pengwini lilikwishaandikwa kwenye rejista, kwani mahudhurio yake yalikuwa mazuri.

"Dunia ina mabara mangapi?" aliuliza mwalimu wa darasa.

Kidomo alisimama. Alimtazama pengwini kwa muda, kisha akatazama ukuta.

"Sita."

"Vizuri sana," alisema mwalimu, akamwekea vema daftarini.