Haro Ikiwa Juu

Mjomba Stambuli alisema atakuja baada ya adhuhuri. Kwa hiyo alikuja asubuhi. Ndivyo alivyo, anapenda kumkuta mtu hajajipanga.

Siku hiyo alikuwa anakuja kuamua habari ya shamba. Bonde letu la mpunga, huku chini ya Mzumbe, bibi alilifyeka kwa mikono yake alipoteremka kutoka Kinole. Kwetu ardhi ya bibi inafuata watoto wa kike, ila mwenye kusema nani alime ni mjomba. Mama yangu alililima mpaka alipofariki. Nikashika mimi, na msimu uliopita niliaibika: upande mmoja maji yalisimama mpunga ukaoza, upande mwingine ukakauka. Mjomba alinipigia simu. Hakufoka, na afadhali angefoka.

"Nasra," alisema, "nikija nikikuta shamba limelala sawa kama mkeka, utaendelea. Nikikuta mabonde, nampa Shadia."

Shadia ni binti wa mama mdogo. Hana ubaya, ila hajawahi kukanyaga tope la bonde lile, na mimi nimejifunzia kutembea humo.

Basi nipo juu ya trekta la kikundi chetu cha wakulima, ambalo zamu yetu ni siku hiyo tu, mawingu yamekaa mgongoni mwa Uluguru, na haro, lile jembe la kusawazishia linalokokotwa nyuma ya trekta, inanifanyia vituko. Kila nikipita inaacha tuta katikati na mifereji miwili pembeni. Haro ina safu mbili za visahani: ya mbele inatupa udongo nje, ya nyuma inaurudisha ndani. Yetu ya nyuma ilikuwa inachimba kuliko ya mbele, inarudisha udongo mwingi kupita uliotupwa, ndiyo maana ya lile tuta. Tulifupisha ule mkono wa juu unaoishika haro kwenye trekta, ili nyuma inyanyuke kidogo. Tuta likapungua, halikuisha. Dawa iliyobaki ilikuwa kupunguza mshazari wa safu ya nyuma: unafungua bolti, unaisogeza safu tundu moja, unafunga. Na bolti zenyewe ziko chini ya boriti, zimeliwa na kutu.

"Nyanyua," akasema Sufiani, mume wangu, spana mkononi. "Naingia."

"Magogo yako wapi?"

"Nyumbani. Dakika moja tu, Nasra."

Kwa trekta lenye afya pengine nisingesema kitu. Lakini leva ya kunyanyulia ya hili letu haijishiki. Ukiiachia, mtikisiko unaishusha, na injini ikizimika ndiyo kabisa, haro inarudi chini. Kila mtu kikundini anajua kwamba haro ikiwa juu, hakuna kuingia chini bila kuikingia magogo. Sufiani ndiye aliyewafundisha wenzake. Lakini kule barabarani vumbi la bodaboda lilikuwa linakuja, na nyuma ya dereva niliiona kofia nyeupe ya mjomba. Tukaangaliana, mimi na Sufiani. Wote wawili tulitaka akute mkeka. Nikavuta leva, nikaongeza mafuta. Akatandika gunia, akalala chali, akajisukuma mpaka mabega yakawa chini ya boriti.

Nikageuka nyuma kumchunga, mkono wa kulia kwenye leva. Nilikuwa naona magoti yake tu na viatu vyake vya mpira.

Sasa, kwetu mjomba haamkiwi kutoka juu. Hata ukiwa na ndoo kichwani unaitua, unapiga goti, unampa mikono miwili. Ukimwamkia umekaa juu ya kitu, tena umempa mgongo, umemtukana mbele ya watu.

Nilimsikia mjomba akikohoa ubavuni mwa trekta, upande ambao gurudumu kubwa linamficha Sufiani.

"Shikamoo mjomba!" nikapaza sauti bila kugeuka.

Hakuitikia.

"Mjomba, siwezi kushuka, Sufiani..."

"Unamwamkia nani?" akanikata. "Mimi au trekta?"

"Sufiani yuko huku chini!"

"Mimi sizungumzi na mgongo! Zima hilo dude!"

Mjomba akikasirika masikio yake yanaziba, na hapo kuna injini inanguruma juu yake. Nikapayuka tena, naye akapayuka juu yangu: kwamba mama yangu angekuwa hai angejificha uso, kwamba ametoka Kinole gizani, kwamba mabonde ameshayaona tangu barabarani na hana haja ya kuoneshwa mengine. Huku nyuma spana ilikuwa inagonga, bolti haitaki. Leva ilinitetemesha mpaka begani. Kiganja kimelowa jasho, kinaanza kuteleza, na sikuthubutu kubadilisha mkono. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani mwangu. Nilimwomba Mungu bolti ilegee, na katikati ya dua hiyohiyo nikawa namsema Sufiani kimoyomoyo, yeye na magogo yake yaliyolala nyumbani.

"Sufiani, toka!"

"Imelegea! Nafunga!"

"Achana nayo, toka!"

"Nikiiacha hivi safu itaniangukia miguuni! Shikilia hapohapo!"

Ndipo kwa pembe ya jicho nikauona mkono. Mjomba alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa ujanani, anajua trekta linazimwaje. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alitaka kelele ziishe tusalimiane kama watu. Vidole vyake vilikuwa vimeshashika kile kitufe cha kuvuta cha kuzimia injini.

Nikampiga. Nilimpiga mjomba wangu mkono, kwa nguvu zangu zote, tena kwa mkono wa kushoto.

Akaurudisha akaushika kifuani. Dereva wa bodaboda, aliyekuwa anageuza pikipiki aondoke, akasahau kuondoka. Hapo nilijua shamba limekwenda, na machozi yakanitoka, lakini leva sikuiachia. Ningempiga tena.

"Tayari!"

Sufiani akatoka chini ya haro akitambaa, uso mzima kutu. Akasimama, akajikung'uta, akamwona mgeni.

"Shikamoo mjomba," akasema, kama mtu aliyetoka msikitini.

Mjomba akamtazama, kisha akatazama pale alipotokea. Mimi hofu ilikuwa imeniisha, na nafasi yake ikashikwa na hasira.

"Haya mjomba, ulitaka kuzima. Zima."

Hakusogea.

"Nimeishika leva juu, unaiona? Zima sasa!"

Akavuta kitufe. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Nilikuwa bado nimeikamata leva kwa mikono yote miwili. Haro haikuanguka kwa kishindo. Ilishuka kama bibi kizee anayekaa kwenye kigoda, mpaka visahani vikalifikia gunia, vikalipasua, vikaingia ardhini. Gunia bado lilikuwa na bonde la mgongo wa Sufiani.

Sufiani akalitazama gunia lake.

"Magogo," akasema kwa sauti ndogo.

"Sasa ndiyo unayakumbuka!"

Mjomba akachuchumaa, akashika ncha ya gunia, akalivuta. Halikutoka. Akainuka akasogea pembeni.

"Washa," akasema.

Nikawasha, nikanyanyua haro. Sufiani akalitoa gunia kwa fimbo, kutoka mbali. Nikashusha, nikaondoka. Mistari miwili mirefu, kwenda na kurudi, na shingo iliniuma kwa kugeuka kutazama nyuma. Tuta halikuwepo. Mstari wa pili ulipokutana na wa kwanza sikuona hata alama.

Mjomba akavua makubazi. Hakufuata mistari, aliikata kwa kuipita kwenda ng'ambo, pekupeku, kwa sababu nyayo zinakamata tuta ambalo macho hayalioni. Akafika, akageuka, akarudi. Mahali pamoja akasimama, akakandamiza kisigino, akakandamiza tena. Roho ilikuwa mkononi. Akaendelea kuja.

Nilizima, nikashuka, nikajitanda kanga vizuri, nikaanza kupiga goti. Akanishika viganja vyote viwili kabla goti halijagusa udongo. Mkono wake mmoja ulikuwa mwekundu pale nilipoupiga.

"Umeshaniamkia," akasema. "Nilikusikia. Mimi ndiye sikuitikia."

Akalitazama lile gunia lililopasuka.

"Marahaba, mwanangu. Panda ukamalizie shamba lako, mvua hiyo inakuja."

Nikapanda. Sufiani alikuwa ameshaanza kukimbia kwenda nyumbani, kufuata magogo.